Sauti Iliyopigwa Mnada

Sehemu ya Tisa: Mdoli Wenye Betri

Rafu ilikuwa tupu.

Sindano aliitazama, akafumba macho, akafumbua, akaitazama tena. Tupu! Vumbi tu, na katikati ya vumbi umbo la sanduku, kama kitanda cha mgeni aliyeondoka alfajiri bila kuaga.

Hapo ndipo tulipomwacha juma lililopita, na najua mlinisonya. Basi acheni kusonya, fungeni viatu tumfuate, maana leo huyu binti hakai.

“Dada, mzigo wangu uko wapi?”

Karani wa ghala la forodha alikuwa ameipandisha miwani kwenye paji la uso, kama macho ya akiba. Hakuinua kichwa. “Mzigo gani?”

“Uliokuwa kwenye rafu hii. Kifaa cha sauti, cha baba yangu. Kibali hiki hapa. Kina mhuri wa hospitali, kina mhuri wa wizara, bado kidogo nigonge na wa kwangu.”

“Hapa hakijawahi kukaa kifaa cha sauti,” karani alisema. “Hapa alikaa mdoli.”

“Mdoli?”

“Mdoli wa kitambaa. Ndivyo karatasi ya mzigo ilivyosema. Mashine yetu ya miale ikaona betri. Tukajiuliza, mdoli wa kitambaa ana betri ya nini, anasikia baridi? Tukamwita wakala aliyeuingiza aje ajieleze. Hakuja. Tukamwita tena. Hakuja. Tukamfunga furushi moja na midoli mingine isiyo na wenyewe. Na mzigo usio na mwenyewe, dada yangu, mlango wake ni mmoja.”

“Upi?”

Karani alinyoosha kalamu kuelekea dirishani. Ng'ambo ya barabara, kengele ililia.

Sindano aliijua kengele ile tangu hajazaliwa. Ilikuwa kengele ya ukumbi wa mnada. Baba yake aliitikisa maisha yake yote.

“Wanauza saa ngapi?”

“Wanauza sasa hivi,” karani alijibu, na kwa mara ya kwanza akashusha miwani na kumtazama. “Kimbia.”

Akakimbia.

Na wakati anashuka ngazi mbili mbili, niwaeleze walioingia leo, wasije wakadhani tunamkimbilia mdoli kweli.

Baba yake Sindano ni Mzee Mnadi. Koo lake ndilo lililouza mji huu: makabati, baiskeli, majenereta, ng'ombe wa waliofilisika. Hakuhitaji kipaza sauti. Kipaza sauti ndicho kilichomhitaji. Kalamu hakuizoea. Kusoma alisoma bei, kuandika aliandika jina lake, mengine yote aliyabeba ulimini. Kisha koo likaugua. Madaktari wakapasua, wakaokoa roho, wakaacha sauti mezani.

Pale hospitali walimwazima kifimbo. Ni kitu mfano wa tochi: unakibana shingoni chini ya taya, unabonyeza, kinatetemeka, na mdomo wako unaufinyanga ule mtetemo uwe neno. Mzee alijifunza upesi kuliko wagonjwa wote. Alipoanza kuwachekesha wauguzi, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Kifimbo kikabaki hospitali, wapo wengine wa kukiazima.

Ndipo Sindano, mshonaji wa sare za shule, mwembamba na mwenye ncha kama jina lake, alipoingia kwenye masoko ya mtandaoni kutafuta cha kununua. Akakiona! Kizuri, picha yake inang'aa. Akaandika anwani. Skrini ikajibu: *Bidhaa hii haisafirishwi hadi kwako.* Akaenda kwa muuzaji mwingine. Huyo alisema betri ya aina ile haipandi ndege bila masharti. Wa tatu alisema yeye hutuma, lakini si huko. Huko wapi? Huko unakoishi, mama. Kana kwamba kuishi huko ni kosa la kujibia.

Akabaki na njia moja, nayo ni Kontena.

Kontena ni wakala wa mizigo, kijana anayetaka kumwoa Sindano na hajifichi. Ana anwani ng'ambo kama mtu mwingine alivyo na shangazi mjini: ukikwama, unatuma vitu vyako kwake, naye anavikusanya na kuvileta. “Niachie mimi,” alisema. “Wewe tafuta kibali tu.” Sindano akaachia. Akahangaika na kibali ofisi hadi ofisi. Leo asubuhi kimetoka, na kumbe kifaa kimeshageuka mdoli.

Tumeelewana? Haya, tumfikie, amefika chini.

Langoni walimsubiri watu watatu. Mzee Mnadi mwenyewe, kitambaa cheupe shingoni, mkongojo mkononi. Shangazi, dada wa Mzee Mnadi, mkoba kwapani. Na Kontena, jasho likimtoka kama amebeba jina lake mgongoni.

“Kontena!” Sindano alimkamata kola. “Umeandika baba yangu ni mdoli?”

“Sindano, subiri kwanza—”

“Sisubiri! Forodha wamekuita, hukwenda. Wamekuita tena, hukwenda. Una miguu ya nini, ya kupimia viatu?”

“Niliambiwa...” Kontena alianza. Halafu macho yake yakapanda, yakavuka bega la Sindano, yakagota nyuma yake. Akalimeza neno lile, zima zima, kama mtu aliyemeza mbegu.

“Uliambiwa nini? Na nani?”

“Twende kwanza kwenye mnada. Nitakueleza, naapa. Twende.”

Mzee Mnadi alikuwa anamvuta binti yake mkono. Alimvuta kwa nguvu, kama mtoto aliyebanwa na haja. Akajigusa shingo. Akanyoosha kidole kwa Shangazi. Akajigusa shingo tena, akanyoosha kidole tena.

“Ana kiu,” Shangazi alisema kwa upole, akifungua mkoba kutoa chupa ya maji. “Pole kaka. Kunywa.”

Mzee akaisukuma chupa. Maji yakamwagika kwenye vumbi.

“Na hasira anazo,” Shangazi akaongeza. “Anasema joto limezidi, turudi nyumbani. Mwanangu, sauti ni majaliwa. Mbona tunaishi? Mbona mimi namwelewa vizuri tu?”

Na kweli, tangu siku ile ya upasuaji, Shangazi ndiye aliyekuwa kinywa cha kaka yake. Wageni wakija, ni yeye. Fundi bomba akija, ni yeye. *Kaka amekubali. Kaka amekataa. Kaka anasema asanteni, amechoka.* Hata asubuhi ya leo walipokuja wanaume wawili wenye kamba ya kupimia, wakaipima baraza hadi uani, mzee alisimama mlangoni akitikisa mikono kama anafukuza kuku, na Shangazi akasema: “Ni wapaka rangi. Kaka anafurahi, nyumba itang'aa.”

Sindano alikuwa na haraka ya kibali. Aliamini.

Sasa tena alikuwa na haraka. “Shangazi, nyumbani hatuendi. Baba, shika mkono wangu.”

Wakavuka barabara.

Ukumbi wa mnada ulikuwa umejaa hadi madirishani. Mlangoni, bawabu alitandaza mkono kama kizuizi cha reli.

“Vibao vya kutolea bei vimekwisha kugawiwa. Kengele imelia. Asiye na kibao asimame nyuma, atazame, asikohoe.”

“Nina haki na mzigo uliomo humu!” Sindano alisema.

“Kila mtu humu ana haki na kitu, dada. Ndiyo maana kuna mnada.”

Mzee Mnadi aliingiza mkono ndani ya koti. Akatoa kibao cha mbao kilichopigwa vanishi, namba moja. Walimpa siku alipostaafu, wakasema ni chake hadi kaburini. Bawabu alipokiona aliuondoa mkono wake upesi, akainamisha kichwa.

“Mzee pita. Pita, Mzee.”

Jukwaani alisimama Kengele. Ndiyo, wengi mnamkumbuka: yule mwanafunzi wa Mzee Mnadi, aliyeokotwa akibeba makabati, akafundishwa kushika nyundo, na siku mwalimu alipolazwa akaipokea kengele bila kwenda kumpa pole. Suti ya kijivu. Kidevu juu. Na mdomoni, bila aibu, beti za mwalimu wake:

“*Njooni mtazameni, mali haifichi siri!*
*Bei itoke kinywani...*”

“*Kimya hakina habari!*” ukumbi ukaitikia.

Mzee Mnadi alifumba macho. Sindano aliuona mdomo wake ukicheza, ukilifuata kila neno, bila kutoa hata pumzi.

Viliuzwa viatu vilivyokuja vya kushoto vitupu. Viliuzwa vifuniko vya simu ambazo hakuna mtu aliye nazo. Liliuzwa hema lililozuiwa kwa sababu ya gesi ya jiko lake, sasa linauzwa bila gesi, bila vigingi na bila maelezo. Mizigo ya watu walioona picha nzuri usiku, wakabonyeza, wakasahau kwamba kati ya picha na mlango wako kuna bahari ya masharti.

Kisha Kengele akapiga meza.

“Furushi la midoli! Limefungwa kama lilivyotoka forodha. Nani anaanza?”

Pale juu ya furushi, kwenye tundu la karatasi, Sindano aliona kona ya sanduku jembamba jeupe.

“Simamisha!” alipiga kelele kutoka nyuma. “Humo mna kifaa cha tiba! Kibali hiki hapa!”

Vichwa vikageuka. Kengele alimtazama, kisha akamwona aliye kando yake, na kwa muda mfupi sana kile kidevu kikashuka. Kikapanda tena.

“Dada, mimi nauza kilichoandikwa. Karatasi inasema midoli. Una ubishi, bishana na forodha, wao ndio walioleta. Nikisimamisha nyundo kwa kila anayelia, tutauza machozi hapa. Nani anaanza?”

“Mimi!” Ilikuwa sauti ya Mama Midoli, mwenye duka la vitu vya watoto pale kona ya soko, mwanamke mpana, kibao chake kama sahani. Akataja bei. Bei ndogo, bei ya kunusa.

Mzee Mnadi akainua kibao namba moja.

Watu waliokuwa wanakula karanga wakasahau kutafuna.

“Bei?” Kengele aliuliza.

Mzee akatikisa kibao.

“Bei, Mzee?”

“Anapandisha!” Shangazi alidakia, akisogea mbele. “Mimi ndiye kinywa chake. Anasema, anasema... hapana, anasema basi. Anaacha. Amechoka, tunakwenda nyumbani.”

“Hajasema hivyo!” Sindano alifoka.

“Wewe unamwelewa kuliko mimi niliyenyonya naye ziwa moja?”

“Kimya!” Kengele alipiga nyundo. Akageuka polepole, akanyoosha mkono kwenye ukuta nyuma yake. Pale, kwa rangi nyekundu, herufi za urefu wa mkono, zilikuwepo sheria za nyumba ile. Ya kwanza ilisema:

KIBAO CHAKO, KINYWA CHAKO.

Hakuna aliyeuliza nani aliiweka. Aliiweka Mzee Mnadi mwenyewe, enzi zile matajiri walipokuwa wanapanga vibaraka ukumbini, huyu anamsemea yule, yule anampandishia huyu, maskini anauziwa kiti kwa bei ya kitanda. Siku moja akapandwa na hasira, akamwita mchoraji. *Kuanzia leo, mwenye kibao ndiye atakayesema. Asiyesema hajatoa bei. Hakuna anayemsemea mwenzake humu, hata awe pacha wake.* Wanyonge walishangilia hadi bati likatikisika.

Leo sheria imezeeka, imemrudia baba yake mzazi na rungu.

“Mwalimu,” Kengele alisema, na sauti yake ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa ngumu kama mlango unaozuiwa kwa bega. “Uliniambia nikipindisha hii kwa mtu mmoja, nitaipindisha kwa wote. Nisikie bei yako kwa kinywa chako, au niende mbele.”

Kibao namba moja kikashuka.

“Naenda mbele! Bei ya Mama Midoli, mara ya kwanza!”

Sindano alitaka kuruka jukwaani. Kontena alimshika kiuno. “Watakutoa nje, utapoteza yote!”

“Niache! Yote yepi yaliyobaki?”

“Mara ya pili!”

Basi hapo ndipo Mzee Mnadi alipotembea. Hakwenda kwa Kengele. Hakwenda kwa furushi. Alikwenda ukutani, mkongojo ukigonga sakafu, watu wakimpisha, akafika mbele ya zile herufi nyekundu. Akaipita sheria ya kwanza. Akakiinua kiganja, akaipiga sheria ya pili.

Pa!

“Kaka ana kizunguzungu,” Shangazi alisema kwa sauti ya juu. “Mshikeni.”

Pa! Pa!

Sindano alisoma. Sheria ya pili, ile ya majenereta na redio na feni, ile iliyowaokoa watu wasiuziwe vyuma vilivyokufa, ilisema:

KINACHOWAKA KIWASHWE.

“Kiwashwe!” alipaza sauti. “Forodha wameona betri ndani ya furushi! Karani yupo ghalani, muulizeni! Chenye betri kinawaka, na kinachowaka kiwashwe kabla ya nyundo!”

“Kiwashwe!” aliitikia mzee mmoja wa vyuma chakavu kutoka katikati.

“Kiwashwe! Kiwashwe!” Ukumbi mzima sasa, miguu ikikanyaga sakafu. Watu wa mnada, ndugu zangu, wanapenda haki. Lakini wakionyeshwa na kioja juu yake, wanaipenda zaidi.

Kengele alisimama, nyundo hewani. Alimtazama Mama Midoli.

“Mimi nimekuzuia?” Mama Midoli alisema. “Washa. Kama kuna mdoli unaoimba nitaongeza.”

Kamba ikakatwa. Midoli ikamwagika mezani, mikono huku, miguu kule. Kengele akalifungua sanduku jeupe. Akatoa waya mweusi wa kuchajia. Akatoa kitambaa cha kufutia. Akatoa kifimbo cha rangi ya fedha, akakizungusha mbele ya macho.

“Hii ni nini, tochi?” Akabonyeza.

*Zzzzzzzz.*

Ukumbi ukaangua kicheko. “Mdoli wa nyuki!” mmoja alipaza. “Chombo cha kunyolea!” akasema mwingine. “Mpe bi arusi!” Hata Kengele meno yalimtoka.

Shangazi hakucheka. Alikuwa amekwisha kusogea mezani, anakunja karatasi, anakusanya midoli, anapanga hiki na kile, kama mama mwenye nyumba baada ya wageni. “Haya, mmekiona, kimewaka, rudisheni,” alisema. “Rudisheni tu.”

Mkono mkavu ukapita juu ya bega lake, ukakichukua kifimbo kutoka kwa Kengele.

Mwenye kibao ana ruhusa ya kujaribu mali. Hiyo nayo ni sheria, ya tatu.

Mzee Mnadi alilegeza kitambaa chake. Akapatafuta mahali pa kukibana chini ya taya, akapakosa, kifimbo kikalia ovyo, watu wakacheka tena. Akapatafuta tena. Sindano aliuma ngumi. Taa ndogo kwenye kifimbo ilikuwa njano. Kilisafiri, kikakaa ghalani muda wote ule, chaji yake ilikuwa matone tu.

Akapapata.

“*Bei,*” kilisema chuma.

Kicheko kikakatika, kama kimekatwa kwa mkasi.

“*Bei... itoke... kinywani.*”

Haikuwa ile sauti. Ile ilikufa, tusidanganyane. Hii ilikuwa bapa, ya mlio mmoja, kama nyuki ndani ya kopo. Lakini ndani ya kopo maneno yalisimama wima, yamevaa, yamechana nywele, na kila mtu humo ndani aliwajua wazazi wa maneno hayo.

Hakuna aliyeitikia. Watu walikuwa wameshika midomo. Kisha Kengele, mwenye suti, mwenye kidevu, machozi yakimshuka pande zote mbili za pua, akaitikia peke yake:

“*Kimya hakina habari.*”

Mzee akainua kibao namba moja kwa mkono wa pili. Akataja bei. Haikuwa bei ya mdoli. Ilikuwa sawasawa na pesa ya ushuru aliyoihesabu binti yake asubuhi mbele yake na kuitia kwenye pochi, wala hakubakiza ya nauli. Aliitaja kwa kinywa chake, kwa kifaa ambacho bado hakikuwa chake, na kama kuna mtu aliwahi kutoa bei ya kitu kwa kitu chenyewe, mwambieni aniandikie.

“Mama Midoli?” Kengele aliuliza, sauti imekauka. “Unaongeza?”

Mama Midoli alikigeuza kibao chake kikaangalia chini. “Mimi nauza midoli,” alisema. “Koo la mtu siuzi.”

“Mara ya kwanza mara ya pili mara ya tatu!” Kengele aliyasema yote kwa pumzi moja, kinyume cha kila alichofundishwa, akaishusha nyundo kwa nguvu kiasi kwamba kichwa cha nyundo kilichomoka kikaruka hadi kwa bawabu.

Ukumbi ulilipuka. Sindano alikuwa tayari jukwaani, amemkumbatia baba yake, anacheka, analia, anampigapiga mgongo kama mtoto aliyepaliwa. “Baba! Sema kitu! Niite jina langu!”

Mzee hakucheka.

Alimweka binti kando kwa upole, kifimbo bado shingoni. Taa ya njano ilikuwa imegeuka nyekundu.

“*Sindano,*” alisema. “*Sikiliza. Upesi.*”

Kelele zikapungua. Watu walidhani anatoa shukrani.

“*Nilinyamaza. Sikuwa kiziwi.*” Kila neno alilisukuma kama gari lililokwama. “*Nilikuwa kitandani. Nikasikia simu. Kontena aliambiwa... andika mdoli. Itapita haraka. Kisha akaambiwa... mzee hakitaki tena. Achana nacho.*”

Kontena alikuwa ameinamisha kichwa. “Nilidhani ni maneno yako, Mzee,” alisema. “Kila mtu alisema yeye ndiye kinywa chako.”

“Nani?” Sindano aliuliza, ingawa ngozi ya mgongo wake ilishaanza kujua. Aliikumbuka ile chupa ya maji ikimwagika. Kidole. Shingo. Kidole. Shingo. Mara ngapi alinyoosha kidole kile mezani, barazani, kitandani, akajibiwa kwa niaba yake: ana kiu, ana usingizi, anataka mto?

“*Wale... wa kamba ya kupimia. Si wapaka rangi. Nyumba... imesemewa kwamba nimekubali ku—*”

Taa ikazimika.

Mdomo wa Mzee Mnadi uliendelea. Ulisema, ulisema, ulisema, mishipa ya shingo imesimama, jasho linatiririka, wala hakuna kilichotoka. Kidole chake kikanyooka. Kikampita Kontena. Kikampita Kengele.

Kikasimama.

“Kaka anasema amechoka,” Shangazi alisema, akitabasamu, sauti laini kama siagi. “Anasema asanteni sana. Turudi nyumbani.”

Safari hii, katika ukumbi wenye watu mia na zaidi, hakuna hata mmoja aliyeamini.

“Chaji,” Sindano alisema. Akaligeukia sanduku jeupe, akalipindua, akalitikisa. “Waya! Waya wa kuchajia ulikuwa hapa! Kengele, si uliutoa wewe?”

“Niliuweka hapa mezani, kwa mkono wangu!”

Wakatupa midoli huku na huku. Waya haupo. Na bila ule waya, kifimbo kile ni rungu la kuulia mende, maana plagi yake ni ya peke yake na muuzaji wake, mnakumbuka, hasafirishi hadi kwako.

Sindano aliinua kichwa.

Shangazi alikuwa ameshafika mlangoni, anapita kwa heshima, anaomba radhi kila anapomkanyaga mtu. Mkoba u kwapani. Zipu ya mkoba ilikuwa haikufungwa vizuri, na katikati ya meno yake kilining'inia kipande cha waya, cheusi, kama mkia wa panya.

“Shangazi!”

Hakugeuka. Nje, kando ya barabara, gari lilikuwa linanguruma, mlango wa nyuma wazi. Ndani yake walikaa wanaume wawili.

Mmoja alikuwa bado ameshika kamba ya kupimia.